Rimoti ya Kwangu, Tivii ya Jirani

Bi Hasina mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, maana mimi nina miaka hamsini na miwili na leo naomba ushauri wa jambo ambalo hata mwanangu sijamwambia.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, naishi Nguvumali, na majina ya watu nimeyabadilisha yote. Mwaka jana umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ukaniunguzia tivii na king'amuzi, ikabaki rimoti peke yake, nikaitia kwenye droo ya cherehani pamoja na mikasi. Sasa jirani zangu ni vijana wawili, Shaib, mtu wa Pemba anayeuza viungo sokoni, na mkewe Samira, ambaye gauni lake la harusi nililishona mimi, na dirisha la sebule yao linatazamana na la chumba changu, katikati kuna kichochoro cha kupita mtu mmoja na ndoo yake. Nikawa baada ya Isha nazima taa nisionekane, nakaa kwenye kiti naangalia tivii yao, na wallahi sikuwa na nia mbaya, ila Shaib ni mtu wa mpira na mimi nilikuwa nafuatilia ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, na siku moja mkono ukaingia kwenye droo, ukatoa rimoti, nikabonyeza, na kumbe king'amuzi chao ni cha aina moja na changu, kikatii.

Nilianza mara moja moja, halafu ikawa kila siku. Gizani huoni namba, lakini mimi natunga uzi kwenye sindano bila kutazama, kwa hiyo nikatia tone la rangi ya kucha juu ya namba tano ili kidole kipate pa kuanzia, na zilizobaki nazipata kwa kupapasa. Shaib akawa anamwambia mkewe arudishe mpira, Samira anasema hajagusa, Shaib akaichukua rimoti yao akaikalia, stesheni ikahama vilevile, akasema basi unatumia simu, siku hizi simu zinafanya kila kitu. Miezi minane, Bi Hasina.

Ijumaa iliyopita mechi ilikuwa dakika za mwisho nikaihamisha, Shaib akairudisha, akasimama, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Samira, ukiihamisha tena kwa mkono wako, basi wewe si mke wangu." Nikasema leo naiweka, siigusi tena maishani, nikainyanyua niirudishe drooni, na gizani pale gumba likateleza, au halikuteleza, maana siku ile ndiyo bibi harusi wa tamthilia alikuwa anaolewa, na kwa kweli sijui kama ni bahati mbaya au kidole kilikuwa na shauri lake. Stesheni ikahama. Samira akavaa baibui, akachukua mkoba, akaenda kwa kaka yake Tongoni.

Jumatatu Shaib akaniletea suruali niipunguze. Nimepiga magoti napima pindo, akaniambia, "Mama, mke wangu yuko tayari kuapa kwa Msahafu kwamba hakugusa. Mtu ataapaje uongo kwa Msahafu?" Mdomo wangu ulijaa pini, nikaitikia kwa pua.

Kusema naona haya, maana mtaa mzima utajua nimekuwa nikichungulia nyumba ya watu. Kwa hiyo nimewaza hivi: Samira yuko Tongoni, nikiihamisha stesheni sasa, Shaib si ataona mwenyewe kwamba si mkewe? Tatizo, tangu siku ile hajawasha tivii. Je, nimshawishi awashe? Na kama na wewe unaifuata ile tamthilia, nisaidie, yule bibi harusi aliolewa na yupi?

Kidole Kizito,
Nguvumali

*

Kidole Kizito,

Nimekuzidi miaka saba, kwa hiyo marahaba. Sasa kaa vizuri unisikilize.

Mke na mume wametengana, na wewe unauliza habari za bibi harusi wa kwenye tivii. Hilo sikujibu. Bibi harusi wa kukukosesha usingizi yuko Tongoni, na gauni lake ulilishona wewe.

Upweke naujua. Nyumba ya mjane baada ya Isha ina ukimya wa kuumiza masikio, na sikulaumu kutamani kuona watu wakizungumza. Lakini ungepiga hodi. Samira angekutandikia mkeka, mkawa wanawake wawili dhidi ya mpira mmoja. Badala yake umemwacha binti wa watu aitwe mwongo miezi minane, nawe unasikia. Tena usikisingizie kidole. Kidole hakina tamaa, tamaa ni yako.

Hiyo hila yako mpya ifute. Stesheni ikihama Shaib akiwa peke yake, hatasema mke wangu hana kosa, atasema nyumba ina shetani. Utamwona anakifukizia king'amuzi ubani, na hapo utakuwa na mawili ya kukiri.

Kama talaka imepita au haikupita, mimi si kadhi, na wewe si kadhi. Ila Shaib alisema "kwa mkono wako", na anayejua ni mkono wa nani ni wewe tu. Basi nenda kwake kesho, mchana kweupe. Toa pini mdomoni kwanza. Mpe ile rimoti, mweleze tangu siku ya kwanza, na usiutupie umeme lawama. Atafoka, mwache afoke, ni haki yake. Kisha mwende pamoja kwa shehe wa msikiti wenu, umwambie maneno ya Shaib kama yalivyotoka, usiongeze usipunguze. Halafu upande gari uende Tongoni wewe mwenyewe, umwombe radhi Samira mbele ya kaka yake, maana ndiye aliyempokea akiwa na aibu isiyo yake. Usitume mtu. Ukirudi, shona pazia zito la dirisha lako.

Mtaa utakusema wiki mbili, kisha atapatikana mwingine wa kusemwa.

Bi Hasina

*

Barua hii nilimjibu mwenyewe kwa simu kabla ya kuichapa, kwa sababu haikuwa ya kungoja gazeti. Baada ya siku tisa ameniletea ujumbe huu:

"Bi Hasina, nimefanya yote. Shehe alimsikiliza kila mmoja wetu, akasema mkono wa Samira hauna kosa na ndoa yao iko palepale, ila Shaib alikalishwa saa nzima akifundishwa kutochezea talaka kwa ajili ya mpira. Samira amerudi. Shaib hanisemeshi, suruali zake sasa anapeleka kwa fundi wa mtaa wa Mabawa. Lakini jana Samira alikuja peke yake, akakaa, akaniuliza taratibu, 'Mama, miezi yote minane ulikuwa unaona tivii tu?' Nikamjibu, tivii tu. Akanitazama weee, akainamisha uso. Sasa hapo nilidanganya kidogo. Nifanyeje?"

Uongo huo, mdogo wangu, kaa nao.