Mapambo ya Noeli katikati ya Novemba

Saint-Gilles, Jumanne, 18 Novemba

Sikupaswa kuyatundika leo. Jana daktari aliniambia pembeni kwamba mke wangu huenda asiione Noeli, nami nikaamua kumletea Noeli mapema hapa nyumbani.

Nilitumia karatasi ya choo ya rangi ya waridi, kama tulivyofanya kwetu Bukavu, kabla ya kuhamia huku ughaibuni. Unakata kipande kirefu, unakisokota taratibu kisichanike, kisha unakivusha kutoka pembe moja ya dari hadi nyingine. Nyota nilizikata kwenye maboksi ya dawa zake, nikazivika karatasi ya alumini.

Alinitazama kutoka kitandani. Nyumbani kwetu mapambo hutundikwa mkesha wa Noeli, kamwe si kabla. Yeye ndiye aliyeishikilia desturi hiyo miaka yote, na mimi nikasahau.

“Papa Neema, docteur alikuambia nini?”

Mimi niliyekuwa mwalimu, ninayeeleza hata nisiloulizwa, nilipanda tena juu ya kiti kutundika karatasi nyingine.

“Bon,” akasema. “Ile ya ku dirisha inalegea, uikaze. Kisha umuite Neema akuye. Asingojee Noël.”

Nimeikaza. Binti yetu bado sijampigia simu.