Aliyekufa Siku ya Mungu

Siku ya posho, 3 Novemba 1956
Nimegeuza samaki juu ya moto. Upande mumoja bado mubichi. Jioni nimetega nyavu zote kumi na mbili, nitazitoa keshokutwa, kazi moja asubuhi. Kesho siku ya Mungu: nyavu zinavua, miye ninasali. Hakuna amri iliyovunjwa. Niliporudi kutoka migodi ya Kongo nilianza na wavu mumoja. Hakuna aliyenisaidia. Jirani yangu Musonda ana tatu tu, na kijiji chetu chote cha Nchelenge kinamupenda. Kwa nini?

Siku ya Mungu, 4 Novemba
Katikati ya mahubiri upepo mukali umetoka upande wa Kongo. Tulipotoka, ziwa lote jeupe. Musonda hakuja kanisani. Muke wake, Bana Chola, anasema alichukua mutumbwi akaenda mbio, hakusema sababu. Hajarudi.

Kazi moja, 5 Novemba
Wamemupata Musonda mu matete, njia ya kwenda Kashikishi. Amekufa maji. Mutumbwi hauonekani. Nyavu zangu pia hazipo, upepo umezibeba. Hasara yangu hakuna anayeiuliza.
Wazee sita wa kanisa tumekutana. Kwetu mutu akifa akivua siku ya Mungu, hazikwi na kanisa. Hakuna wimbo, hakuna sala. Wawili walisita, wakasema labda alikuwa na sababu. Nikasimama. Nikasema, "Mungu amesema wazi. Munataka aseme namna gani tena?" Watatu wakanifuata. Wanne kwa wawili. Nilijisikia mukubwa.

Kazi mbili, 6 Novemba
Tumemuzika kimya. Bana Chola alianza wimbo peke yake. Nilimunyamazisha miye. Akanyamaza.

Kazi tatu, 7 Novemba
Wavuvi wameuvuta mutumbwi wa Musonda. Umepinduka, lakini nyavu zilikuwa zimefungwa ndani kwa kamba. Tisa. Maboya yana alama yangu, ile ninayochoma kwa chuma cha moto.
Zake tatu hazimo; hakuzigusa.
Hapa ziwani upepo ukitoka, aliye karibu anatoa nyavu za jirani. Desturi hii naijua tangu utoto. Haikuniingia kichwani hata kidogo. Alikuwa amebakiza tatu zangu. Nadhani alikuwa anazirudia alipozama.
Siwezi kula. Nasikia aibu hata mbele ya mbwa wangu.

Kazi ine, 8 Novemba
Nimekwenda kwa Bana Chola. Nimemuambia yote. Kisha nikaongeza kwamba sasa nimeelewa: Mungu alitaka kuvunja kiburi changu.
Aliendelea kupepeta unga. Halafu akaniambia, "Bashi Mwape, bwana yangu amekufa ili weye ufundishwe? Juzi ulijua mawazo ya Mungu. Leo unayajua tena."
Nimeona aibu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Nilikwenda kutubu, nikajiweka tena katikati.

Siku ya Mungu, 11 Novemba
Nimesimama mbele ya kanisa. Nimesema nyavu zilikuwa zangu, na hukumu ilikuwa yangu. Muchungaji akauliza Mungu anatufundisha nini hapa. Nikasema sijui. Mutu nyuma akacheka: leo Bashi Mwape hajui? Wacha acheke.
Muchana tumekwenda kaburini, kanisa lote. Sala imesomwa. Wimbo umeimbwa mpaka mwisho. Bana Chola hakufungua mudomo. Watu walipotawanyika yeye akabaki. Nilitaka kumungojea njiani, nimusindikize. Nikaona afadhali nisiwe pale atakapogeuka. Nimekuja nyumbani.