Memori Ipo, Utepe Ndio Mfupi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, Alhamisi tarehe 6, saa 5:20 asubuhi

Zimeonekana zote nane! Afande, andika hilo kwanza, jina langu litafuata. Mwanangu si mwizi.

Naitwa Mama Bisibisi, umri miaka 51, fundi cherehani, naishi chumba cha nyuma ya duka letu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini binti yangu Bisibisi (mtaani wamemwita hivyo kwa sababu bisibisi haimtoki mkononi mpaka alale) ni fundi kompyuta, na katika wanafunzi thelathini na wanne chuoni kwao hakuna aliyemfikia. Chumba cha kazi ni kimoja: cherehani yangu mlangoni, meza yake ukutani. Anayozungumza na wateja nayasikia yote, nitake nisitake.

Mnamo tarehe 4, Jumanne, saa 4 asubuhi, alikuja mpiga picha wa studio ya ng'ambo ya barabara na kompyuta yake. Alilalamika kuwa inajikokota akifungua picha za harusi, akaomba aongezewe memori, giga nane. Niliona kwa macho yangu binti yangu akitoa vipande viwili vya kijani kwenye pakiti, kila kimoja giga nne, akavipachika. Vya zamani alimrudishia mwenyewe kwenye bahasha.

Kisha akamwambia, "Kaka, mfumo wako ni wa zamani, wa biti thelathini na mbili. Hauoni zaidi ya giga nne. Nikuwekee wa biti sitini na nne, upate zote?"

Mpiga picha akajibu, "Dada, weka memori tu. Mfumo wangu usiuguse, nimeuzoea."

Nakumbuka vizuri kwa sababu nilicheka moyoni: kompyuta haioni, basi ipelekwe kwa daktari wa macho.

Leo saa 3 asubuhi mpiga picha alirudi na askari. Alisema kioo kinasoma giga tatu na robo, kwa hiyo ameibiwa kumbukumbu. Nilimwambia, "Baba, hebu kumbuka vizuri, vilikuwa viwili." Hakucheka. Alikana kuwa aliambiwa lolote. Askari akatuleta hapa pamoja na kompyuta yenyewe. Niliogopa, maana chuo hakimpi cheti mtu mwenye kesi, na cheti chenyewe ni wiki ijayo.

Bisibisi hakupaza sauti. Hapa kituoni, mbele yako, alinivua shingoni utepe wangu wa kupimia nguo, akapima pazia la dirisha hili kuanzia juu.

"Afande, utepe umeishia mia na hamsini. Pazia nalo limeisha?"

Ukasema, "Bado, linaendelea."

"Basi ndivyo. Mfumo wake una namba za kuhesabu giga nne tu, na baadhi ya namba hizo zinachukuliwa na kadi ya kioo na vifaa vingine. Inabaki tatu na robo. Memori ipo, utepe ndio mfupi."

Akawasha mashine. Kabla mfumo haujaamka, kioo kiliandika 8192, yaani giga nane kamili. Akachomeka flashi yenye mfumo mwingine, wa biti sitini na nne, ukasoma karibu nane. Hicho kidogo kilichopungua mashine imejiwekea kwa kazi zake. Akafungua kifuniko, na vipande ukavihesabu mwenyewe kwa kidole.

Mpiga picha akaniambia, "Mama, kweli aliniambia. Nilidhani ni maneno ya mafundi." Akamwomba radhi. Binti yangu alimuuliza tu, "Sasa nikubadilishie mfumo, kaka?" Mimi nikajifanya nakunja utepe, ili nisionekane macho.

Hayo nimeyaona na kuyasikia mwenyewe. Hata nikiulizwa kesho nitayasema hivihivi, labda kwa kujisifu zaidi.

Sahihi: Mama Bisibisi

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Mlalamikaji ameondoa lalamiko, jalada limefungwa. Shahidi amekataa kuondoka mpaka iandikwe kwamba binti yake anapokea cheti, mpiga picha ameahidi kuja na kamera, na sisi wote wa zamu hii tunasubiriwa chuoni Jumamosi, tarehe 15, saa nne kamili asubuhi.