Bipu za Alhamisi

Maskati,
Ijumaa asubuhi

Mama yangu mpenzi, Mama Gwakisa,

Shikamoo. Mugonile, Mama. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, goti limetulia, na kakao imekauka kabla mvua haijaiharibu. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na joto la huku limenizoea hata kama mimi sijalizoea. Moyo ndio umechafuka, na sitakuficha.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu anayefanya kazi ya simu. Anakuletea Dada Rehema, yule nesi wa Tukuyu niliyekuambia kwamba tunasali naye, anakuja likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi ukiwa peke yako. Kila nikipiga jioni Baba Mkubwa yupo hapo, anataka simu iwekwe sauti ya wote, na haya si ya kusikilizwa na ukoo mzima. Isome taratibu. Ukichoka, iweke, kisha uirudie.

Naandika kwa sababu ya ule mgomba. Baba Mkubwa amenijulisha kwamba wazee wameshakaa. Kaka Gwakisa amepita mwaka bila habari tangu avuke mto Songwe na magunia ya mchele kwenda Karonga, kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi watalivisha sanda shina la mgomba, walizike badala ya mwili wake kando ya kaburi la Baba, msiba uishe na watu wapumzike. Namheshimu Baba Mkubwa. Lakini nakuomba, Mama, usikubali shina lile lishuke kaburini. Nisikilize kwanza, halafu uamue wewe uliyemzaa.

Najua pale Ngana wanasema Tumpe anauza vocha Uarabuni. Waache waseme. Kazi yangu ni kuunganisha simu za maofisi. Zamani ofisi ilikuwa na nyaya zake ukutani. Siku hizi kuna mfumo wa simu za kazi ulioko kwenye intaneti, mtu anapokea simu ya ofisi mezani, kwenye kompyuta, hata akiwa nyumbani kwake. Ila mfumo huo huwezi kuuachia tu ukutane na simu za dunia nzima. Katikati lazima liwepo lango. Wataalamu wanaliita kidhibiti cha mpaka, nami niliposikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka, maana niliiona Kasumulu, pale mpakani kwetu: foleni upande huu, foleni upande ule, na katikati ofisa anayekagua hati na kupekua mizigo. Lango linafanya hayo hayo kwa sauti za watu. Lisiyemtambua halimpitishi, wala halimwambii kwa nini.

Lango letu la zamani lilikuwa sanduku la chuma kabatini. Lilinguruma, na likizingua ulikuwa unaweza kulipiga kofi. Kisha nikapewa kazi ya kulihamishia kwenye wingu, ndivyo wanavyosema, yaani kukodi nafasi kwenye kompyuta za watu wengine, ndani ya jengo ambalo sijawahi kuliona na sijui liko nchi gani. Nililiunganisha na mfumo wetu, vikaonyeshana vyeti, vikatambuana, na simu ya kwanza ikaita mezani kwangu. Nilifurahi, Mama. Ila tangu siku ile nilikuwa na wasiwasi mdogo usioisha, kwamba nimeweka mlinzi mahali nisipopaona, na mlinzi mwenyewe halali.

Halafu nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyenituma. Kuna matapeli wanaopiga, simu inalia mara moja, wanakata, ili ukirudisha wewe uibiwe. Basi nikaliandikia lango sheria: kila simu ya ng'ambo isimamishwe pale sekunde kadhaa kabla haijalia mezani. Mwenye shida ya kweli atasubiri. Atakayekata mapema ahesabiwe tapeli, aandikwe kwenye kumbukumbu za lango, na sisi tusisumbuliwe. Bosi alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Mimi, Mama! Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kupiga simu mpaka ipokelewe! Unaukumbuka mpango wa kaka: bipu moja, nimefika salama. Bipu mbili za haraka, kimya kidogo, kisha moja, nipigie sasa hivi kuna shida. Namba ya meza yangu aliikariri kwa kuiimba kama wimbo wa kwaya, akawa anatuudhi nyumba nzima, kwa sababu ile ya mkononi nilikuwa naibadilisha kila mara. Na mimi ndiye niliyeandika kwa mkono wangu kwamba anayebipu ni mwizi. Kaka alivuka mto mwezi mmoja baadaye.

Mwezi uliopita bosi alitaka taarifa ya wote waliokataliwa langoni. Ni maelfu, wengi ni mashine tu zinazojaribu milango ya watu. Nilikuwa nazipitia huku nikinywa chai, mara nikaona kitu kinajirudia. Alhamisi, saa saba mchana ya huku. Simu mbili zinafuatana, zimekatwa. Kimya cha dakika moja. Kisha moja, imekatwa. Alhamisi iliyotangulia, vivyo hivyo. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma tena, mpaka chai ikapoa. Hakuna Alhamisi hata moja iliyorukwa tangu kaka apotee. Namba zote zilianza na mia mbili sitini na tano, za Malawi, na kila wiki ilikuwa namba nyingine.

Nikaanza kuzipigia moja moja. Nashukuru Wangonde wa Karonga wanaelewana nasi, niliongea Kinyakyusa changu wakanijibu. Nyingi hazipatikani. Mwanamume mmoja aliniambia simu yake haijawahi kutoka mfukoni mwake, na siku hiyo saa hiyo alikuwa kanisani kwenye mazishi. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jina la ninayemtafuta. Nilipolitaja akakata, na mpaka leo hapokei. Mama mmoja alinijibu vizuri sana, akaniuliza habari za huku na habari zako. Kisha akasema, "Mwanangu, laini hii ilikuwa ya mume wangu. Nimeiweka kwenye simu leo asubuhi tu. Tangu tumzike ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, ndani ya sanduku." Nikamwambia samahani, nimekosea namba.

Nilipaswa kumwambia mtu. Badala yake nikafungua njia ya pembeni langoni: simu yoyote ya mia mbili sitini na tano isisimamishwe, ije moja kwa moja mezani kwangu. Niliifanya kwa pupa bila kuijaribu. Alhamisi ikafika. Saa saba ofisi yetu huwa tupu, watu wameenda kuswali na kula, nje jua kali hakuna hata paka barabarani. Nilikuwa na Zuhura peke yake, mwenzangu wa meza ya jirani, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Simu ikalia. Sikusubiri ikatwe, nikainyakua.

Mama, nilimsikia. Kwanza maji, kama yale ya ziwani Matema yanapopiga kwenye mawe madogo yakarudi. Kisha pumzi. Kisha, "Tumpe. Ugonile, Tumpe." Nikaitika. Nikaita kaka, kaka uko wapi. Akanyamaza kama mtu anayesikiliza, akasema tena vile vile, "Ugonile, Tumpe." Nikapiga kelele mpaka Zuhura akaja mbio, nikamwekea simu sikioni. Mara ya tatu akaliita jina langu, hata mimi niliyekuwa pembeni nililisikia, halafu ikakatika. Zuhura alirudisha simu polepole. Akasema, "Shoga, mimi nimesikia maji tu."

Nilipotulia nikakagua ile njia yangu ya pembeni, nikalia. Ukitaka watu wawili waongee, lango linampa kila mmoja anwani ya kupeleka sauti. Mimi kwa pupa yangu nilikuwa nimeandika anwani ya ndani ya nyumba badala ya ile ya nje, kama mtu anayeagiza mzigo upelekwe kwa Mama Gwakisa bila kusema Ngana wala Kyela. Kwa hiyo sauti yake ilinifikia, yangu haikwenda popote. Alisimama huko alikosimama akaniita mara tatu, na kwake ilikuwa kimya tupu. Ataamini nimepokea nikakataa kumjibu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hofu.

Nilirekebisha siku ile ile. Nikaijaribu njia na Zuhura mpaka akanichoka, sauti inaenda na kurudi. Nikaifuta pia ile sheria yangu ya matapeli, liwalo na liwe. Nikasubiri Alhamisi nyingine, yaani jana.

Mama, kaa chini kabla hujaendelea.

Jana saa saba simu iliita. Mbili za haraka, nikainua kila moja nikakuta imekatwa. Dakika moja kimya. Kisha moja. Haikuwa ya Malawi. Nilikuwa nimeshaanza kuona katika zile kumbukumbu kwamba kadiri wiki zilivyosonga, zile zinazopatikana zilikuwa za watu wa karibu zaidi na mpaka, lakini nilijiambia ni mawazo yangu. Ya jana ilikuwa mia mbili hamsini na tano, ya kwetu. Ilikuwa namba yako.

Nikapiga papo hapo. Ikaita mpaka mwisho, hakuna aliyepokea. Nikapiga tena na tena. Ndiyo maana jioni uliponipigia nilikuuliza maswali yale ukadhani nimepata homa. Ulisema kutwa nzima ulikuwa shambani na akina mama mnavuna mpunga, simu uliiacha mezani ndani, nyumba umeifunga, na ufunguo ulikuwa nao umefungwa kwenye pindo la kanga. Ukacheka, ukasema, "Nani aipige simu, panya?" Nami nikacheka, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa anasikiliza.

Mimi ni fundi. Najua namba zinaweza kughushiwa, mtu akakaa popote duniani akajifanya ni wewe. Zuhura naye ananiambia hivyo kila saa. Lakini tapeli gani anaujua mpigo wa kwetu? Na anayeujua, kama si kaka, ni mimi na wewe tu. Nimejiuliza kama ni huzuni imenila akili. Kumbukumbu za lango hazina huzuni, zimeandika saa na dakika.

Sijui kama kaka yuko hai. Sikudanganyi. Naogopa. Ila najua hili: amekuwa akiomba apigiwe zaidi ya mwaka mzima, mimi nikamzuia mpakani, na sasa ninyi mnataka kumfungia njia kwa kaburi. Mwambie Baba Mkubwa umekataa, basi, usimpe sababu. Na Alhamisi ijayo usiende shambani. Kaa ndani, mlango wazi, upike wali wa mchele wetu na samaki mbasa kama anavyopenda, upakue sahani mbili. Kama yu hai, ana njaa. Kama si hai, bado ni mwanao, na ametembea peke yake mpaka nyumbani.

Nisalimie Baba Mkubwa Asajile, pamoja na haya yote. Nisalimie Shangazi Atupele wa Talatala, mwambie dawa ya macho Dada Rehema anayo kwenye mkoba. Nisalimie mwalimu wetu wa kwaya, na akina mama wote mnaovuna nao. Dada Rehema umpe ndizi za kutosha, amejitolea. Ndaga fijo, Mama, kwa kunisoma mpaka hapa.

Na kaka Gwakisa msalimie. Usimwogope, na usimuulize alikuwa wapi. Mwambie tu kwamba siku ile nilimsikia.

Ni mimi mwanao,
Tumpe