Zamu Yangu kwenye Duara

Jumanne

Na mimi nikamwitikia kwa kichwa, nikidhani ananisalimu! Aibu hiyo bado inanichoma hapa kitandani.

Kumbe kwenye duara la wapigaji wa bluegrass, ule muziki wa Kimarekani wa banjo, gitaa na fidla, anayeongoza wimbo akikuashiria kwa kichwa, ni zamu yako kupiga peke yako. Carol, yule mama mzee wa banjo, aliniashiria, nami nikatabasamu kwa adabu na kuendelea kucharaza gitaa pamoja na wengine. Pakabaki pengo katikati ya wimbo.

Hakuna aliyecheka. Ndicho ninachowapendea hawa wazee wa Minneapolis. Waliushikilia mdundo hadi zamu ikazunguka tena, naye Carol akaniambia waziwazi, "Sasa wewe. Piga ya kwenu."

Nikapiga kwa vidole viwili, kama baba alivyonifunza Kakamega. Niliogopa nitawaharibia wimbo wao. Fidla ikanyamaza kunisikiliza, kisha ikaanza kunifuata polepole.

Nilipomaliza, Carol akasogeza kiti chake karibu. "Hebu rudia. Nataka kujifunza."

Baba hakuwahi kuombwa hivyo na mtoto wake hata mmoja. Hata mimi, gitaa alinilazimisha.