Kibali cha Zubeda

Jumatatu, 3 Juni 1968
Kuni mbichi, chai imechelewa tena. Wasichana wa bweni langu wameingia darasani na njaa. Kisha wafanyakazi wote tukaitwa ukumbini. Afisa wa uhamiaji amekuja kutoka Mombasa kutufundisha namna ya kuwasaidia wanafunzi wa nchi za nje. Bwana Mutiso, kijana wa bara, soksi ndefu. Nilitarajia vitisho. Havikuwapo. Alisema mwanafunzi mgeni hukaa kwa kibali, na kibali kina siku ya mwisho. Kikiisha tusimfiche wala tusimfukuze. Tumpeleke ofisini kwake. Na asivuke mpaka bila ruhusa ya kurudi.

Mpishi wetu, Mzee Rama, akauliza Moa, hapo ng'ambo tu upande wa Tanzania, imekuwa nchi ya nje tangu lini. Shangazi yake ameolewa huko. Tulicheka. Bwana Mutiso naye alicheka, halafu akasema, "Mzee wangu, mpaka haumjui shangazi."

Jumanne, 4 Juni
Tumevikagua vibali. Cha Zubeda wa Moa kimekwisha tangu Aprili. Chuo ndicho kilichopaswa kumwombea kingine. Hakuna aliyejua ni kazi ya nani. Sasa ni yangu.

Jumatano, 5 Juni
Binamu yake Zubeda amefika kutoka Vanga. Baba yake Zubeda yu mahututi, anamtaja jina. Mkuu wa chuo anasema avuke kwa miguu pale Vanga, bila karatasi, kama watu wote. Nikamwambia akipita hivyo atazuiwa kurudi, na mtihani wa ualimu ni mwezi ujao. "Basi amua wewe, Bi Mwanasha. Wewe ndiye mlezi wao." Hasira zilinipanda.

Nilimweleza Zubeda njia zote mbili. Akaniuliza, "Ningekuwa mwanao ungeniambia nini?" Nikasema ningemwambia asubiri kibali. Akakubali.

Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Mombasa. Bwana Mutiso ametupokea vizuri, lakini mkubwa wake ndiye mwenye kutia sahihi, na mkubwa yuko Malindi. Turudi kesho. Tunalala kwa dada yangu, Majengo. Zubeda hakula. Mimi nilikula.

Ijumaa, 7 Juni
Sahihi imepatikana kabla ya sala. Bwana Mutiso mwenyewe alikimbia nayo kutoka chumba hadi chumba. Basi la kwenda mpakani likapasuka gurudumu Msambweni. Jua kali, hakuna kivuli, Zubeda kasimama barabarani muda wote. Mpakani Lunga Lunga askari alisoma kibali, akagonga mhuri, akasema pita. Zubeda alivuka bila kugeuka.

Jumatatu, 10 Juni
Habari zimekuja. Baba yake alifariki Alhamisi asubuhi, akazikwa alasiri. Inna lillahi. Sisi tulikuwa kwenye benchi la ofisi wakati huo. Angepita Vanga Jumatano angemkuta hai.

Mafunzo yalikuwa sahihi. Nami nilisema kweli. Haisaidii. Mzee Rama hanisemeshi.

Jumatano, 19 Juni
Zubeda amerudi baada ya hitma. Mpakani wamempitisha bila neno. Kakonda. Nilimfuata bwenini nikamwambia, "Niwie radhi, mwanangu." Akasema, "Ulinieleza njia zote mbili. Nilichagua mwenyewe." Nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, "Lakini ulijua nitachagua unalolitaka wewe."

Nikatoka bwenini.

Jumamosi, 29 Juni
Anasoma. Anakula. Salamu ananipa kama kawaida, shikamoo na kupita. Mzee Rama ameanza kunisemesha, habari za chumvi tu.

Jumamosi, 20 Julai
Mtihani ulikwisha jana. Zubeda anasema ameweza.

Mkuu anataka niwafundishe makarani wapya habari za vibali. Nimekubali. Nitawaambia wavikague muhula unapoanza, wakati hakuna mgonjwa wala msiba. Nitawaambia pia wamweleze mwanafunzi anachoweza kupoteza kwa kila njia, kisha wafunge midomo yao. Hilo Bwana Mutiso hakulisema. Pengine halijui.

Nilimwomba Zubeda aje azungumze nao. Amekataa, kwa adabu. Sikumsihi.

Alasiri alinikuta uani nikichambua mchele. Akavuta kigoda, akachukua ungo wa pili. Rasharasha ikaanza. Tukahamia barazani, tukaendelea.