Nilifika Mpaka Gatini

3 Machi

Mama,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, upweke tu ndio unanisumbua.

Unauliza mji ukoje. Mama, hapa barabara ni maji! Mifereji inapita kati ya nyumba na nyumba hadi baharini. Mkate unaletwa kwa boti, mgonjwa anakimbizwa kwa boti, juzi nimeona hata kabati la bibi harusi likielea. Na boti ya abiria namba saba naiendesha mimi. Njoo Mei. Ukitoka stesheni tu, gati hilo hapo. Nitakupakia mwenyewe.

Kitindamimba wako

20 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Goti ni lilelile, lina kiburi kama marehemu baba yako. Miaka minne bila kukutia machoni inatosha. Nakuja. Nimeshajishonea gauni.

Mama

19 Mei

Mama,
Shikamoo. Uko salama? Jumamosi, siku ya kufika kwako, zamu nzima macho yangu yalikuwa mlangoni mwa stesheni. Dada anasema uliondoka, ukarudi, na husemi neno. Nimekukosea nini? Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,
Hujanikosea. Nilifika mpaka gatini. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha tiketi, nikakuona na kofia yako, umemshika mzee mmoja mkono: “Taratibu baba, hatukimbizwi.” Nikataka kukuita. Boti ikayumba, miguu ikagoma.

Hatukuwahi kukuambia. Kaka yako aliyekutangulia alichukuliwa na mto, nimemshika mkono hivihivi. Uliondoka na boti yako ukarudi mara tatu, nami nimesimama palepale. Kisha nikapanda treni. Umependeza, mwanangu. Umekonda kidogo.

Mama

15 Juni

Mama,
Shikamoo. Nimelia, kisha nikavaa viatu. Jana sikuwa zamu, nikatembea kutoka stesheni hadi chumbani kwangu bila kupanda boti. Kumbe inawezekana! Unapita nyuma ya soko la samaki, unakata kichochoro cha mafundi viatu, chembamba mpaka unapita kiubavuubavu, halafu madaraja kumi na saba. Yote ya mawe, yote yana kingo. Nimezitikisa moja moja. Tukipumzika njiani, ni mwendo wa saa mbili.

Nimeomba likizo. Safari hii sitakungoja nje, nitaingia mpaka ndani ya behewa. Darajani wewe utapita katikati. Upande wa maji nitakuwa mimi.

Mwanao